Kilichonunuliwa ni jina tu: kisa cha gazeti la Vindicator

Huku kwetu gazeti likipotea mtaani swali la kwanza ni "limefungiwa na nani?" Tumeshazoea hivyo. Mawio lilifungiwa, MwanaHalisi likafungiwa, Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020, alafu Februari 2022 leseni zikarudishwa na maisha yakaendelea. Kwahiyo ukimwambia mtu gazeti limekufa akili yake inakimbilia kwa waziri na barua yake yenye mhuri. Leo nataka tuongelee gazeti ambalo hakuna waziri aliyeligusa wala mahakama iliyolizuia, lilikaa sokoni mwaka na nusu likitafutiwa mtu wa kulichukua, akakosekana, likafa. Linaitwa The Vindicator, la mji wa Youngstown, jimbo la Ohio kule Marekani.

Nimelichagua hili na sio lingine kwasababu kisa chake kina kila kitu: viwanda vilivyofungwa, mafia, mbunge aliyeishia jela, familia moja iliyoshikilia biashara zaidi ya miaka 130, mgomo wa wafanyakazi, mpaka hela za Google. Na pia kwasababu watu wanalielezea kirahisi mno, wanasema "intaneti imeua magazeti" wanafunga mjadala wanaenda kunywa chai.

Tuanze na siku yenyewe. Ijumaa tarehe 28 Juni 2019 wafanyakazi wakaambiwa kwamba mwisho wa Agosti ndio mwisho, toleo la mwisho litatoka tarehe 31. Sasa angalia tarehe hizo. Gazeti lilianza tarehe 25 Juni 1869, yani siku tatu kabla ya hicho kikao lilikua limetimiza miaka 150, keki hata haijakauka. Walioachishwa kazi ni watu 144, hapo waandishi, wahariri, watu wa matangazo, watu wa mtambo wa kuchapia, wote. Ongeza na wasambazaji kama 250, wale wanaozunguka na magari alfajiri kurusha gazeti barazani kwa watu kabla hawajaamka. Hao wasambazaji huwa hawatajwi sana kwenye hizi stori lakini fikiria tu, mji wenyewe hauna kazi, na hicho kibarua cha saa kumi usiku ndio kilikua kinamsaidia mtu kuziba pengo la mwezi.

Ili uelewe gazeti inabidi uelewe mji. Youngstown ulikua mji wa chuma. Sensa ya 1930 ilikuta watu 170,002. Bonde zima la mto Mahoning lilikua tanuru juu ya tanuru, watu wametoka Italia, Slovakia, Poland, Puerto Rico, na weusi waliohama kutoka kusini, wote wamefuata mshahara wa kiwanda. Alafu ikaja Jumatatu moja, tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ikatangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, ajira kama 5,000 zikayeyuka kwa tangazo moja. Wenyewe mpaka kesho wanaiita Jumatatu Nyeusi. Na haikuishia hapo, miaka iliyofuata viwanda vingine vikafuata kimoja kimoja na kazi zilizopotea zikafika makumi ya maelfu. Sensa ya 2020 imekuta watu 60,068. Yani mji umebaki na kama theluthi moja ya watu wake.

Sasa gazeti la mji ni biashara ya namna gani? Wengi tunadhani linaishi kwa kuuzwa. Hapana, hasa kwa Marekani, hela kubwa ilikua ya matangazo. Duka la fanicha linatangaza ofa ya Jumapili, muuza magari anatangaza gari zake, supamaketi inaweka vipeperushi vya bei ndani ya gazeti, alafu kuna yale matangazo madogo madogo ya nyumba ya kupanga, pikipiki inauzwa, anatafutwa fundi, mstari mmoja mmoja lakini ukijumlisha ni mgodi. Mji ukipoteza theluthi mbili ya watu, duka la fanicha linafunga, muuza magari anahama, anayebaki hana sababu ya kutangaza maana wateja anawajua kwa majina. Hii ilianza kuwatafuna Vindicator miaka mingi kabla mtu yeyote Youngstown hajasikia neno intaneti. Intaneti ilikuja kumkuta mgonjwa kitandani, ikamchomolea dripu: matangazo madogo yakahamia mtandaoni bure, ya magari yakahamia, ya kazi yakahamia, na yale yaliyobaki yakachukuliwa na Google na Facebook.

Kuna jambo la ajabu kidogo hapa, mji unavyozidi kuwa maskini ndivyo unavyozidi kuhitaji gazeti. Maana pakikosekana hela halali, ya haramu inajua njia yenyewe. Youngstown ilikua na jina baya sana kwa mafia. Miaka ya 50 na 60 magari yalikua yanalipuliwa kwa mabomu kiasi kwamba watu walifanya utani, gari ikilipuka wanasema imefanyiwa "sevisi ya Youngstown". Na sio mambo ya babu zetu tu, mkesha wa Krismasi 1996 mwendesha mashtaka aliyekua ndio kwanza amechaguliwa, Paul Gains, alipigwa risasi ndani ya nyumba yake na watu wa mafia, Mungu saidia akapona. Uchunguzi wa FBI wa kipindi hicho uliwatia hatiani watu zaidi ya 70, humo ndani wamo mahakimu, wanasheria, mpaka sherifu (mkuu wa polisi wa eneo hilo). Alafu kuna James Traficant, huyu ni stori ya peke yake, mbunge kuanzia 1985, jamaa wa maneno mengi na nywele za ajabu ambazo watu walizijadili kuliko sera zake, 2002 akakutwa na hatia ya makosa kumi ya rushwa na mengineyo, bunge likamfukuza, akaenda jela, na akiwa humo humo jela akagombea tena na kupata kama asilimia 15 ya kura! Ndio mji tunaouongelea.

Katika mazingira hayo kua na ripota anayekaa kila wiki kwenye kikao cha madiwani, anayeenda mahakamani hata kwa kesi ndogo, anayeijua bodi ya shule kwa sura na majina, sio anasa. Tena kikao cha halmashauri ni kitu kinachochosha kuliko vyote duniani. Saa tatu za "ajenda namba saba, kuidhinisha zabuni ya ukarabati wa mfereji". Hakuna mwananchi mwenye akili zake atakaa pale kwa hiari baada ya kutoka kazini. Ripota anakaa kwasababu analipwa kukaa, na kwenye hiyo ajenda namba saba anaona jina la kampuni ya shemeji yake diwani. Hiyo ndio kazi yote, wala haina ujanja mwingine. Anatakiwa awepo. Na diwani akijua kuna mtu mwenye daftari kakaa mstari wa pili, hata hiyo zabuni yenyewe anaifikiria mara mbili.

Turudi kwenye familia. Gazeti lilinunuliwa 1887 na mhamiaji kutoka Ujerumani, William F. Maag, aliyekua tayari ana gazeti lake la Kijerumani hapo mjini. Tangu hapo halikutoka mikononi mwa ukoo huo mpaka linakufa, mwisho mchapishaji alikua mama mmoja, Betty Brown Jagnow, na meneja mkuu mwanae, Mark Brown. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, walipokua na nguvu kwenye siasa za mji huo Vindicator lilisimama kuwapinga, na kwenye enzi za mafia liliendelea kuandika. Sisemi walikua malaika, kuna mgomo mkubwa ulianza mwishoni mwa 2004 ukaenda kama miezi minane, wafanyakazi wamesimama nje kwenye theluji wakidai maslahi na ndani gazeti linaendelea kutoka, na mji wa Youngstown ni mji wa vyama vya wafanyakazi, kule kuvuka mstari wa wagomaji ni dhambi. Walioacha kulinunua kwasababu ya mgomo, sio wote walirudi. Lile pigo lilikua la kujitakia, pande zote mbili, na lilikuja wakati mbaya kuliko wote.

Sasa namba inayonifanya nisimame kila nikisoma kisa hiki. Wenyewe walisema kwamba kwenye miaka 22 ya mwisho, walipata hasara miaka 20. Ishirini! Duka la nani hapa Kariakoo linapata hasara miaka ishirini na bado linafunguliwa asubuhi? Nakala za kila siku zilizokua zikifika 100,000 enzi zake zilikua zimeshuka mpaka kama 25,000, Jumapili kama 32,000. Maana yake kwa miongo miwili gazeti lile halikua biashara tena, ilikua ni sadaka ya familia moja kwa mji, wanaita biashara kwa mazoea tu.

Walijaribu nini? Walibana matumizi, wakaongea na vyama vya wafanyakazi kupunguza gharama, wakanunua mtambo mpya wa kuchapia kwa hesabu kwamba utahitaji watu wachache zaidi. Hapa kwenye mtambo mimi nina neno. Kununua mtambo wa kuchapia karatasi wakati wasomaji wa karatasi wanapungua kila mwaka, ni kama yule mzee aliyejenga gesti kubwa kando ya barabara ya zamani wakati wenzake wanaona kabisa bypass inachorwa upande wa pili. Lakini nikijiweka kwenye viti vyao naelewa. Hela yote ndogo iliyobaki ilikua inatoka kwenye karatasi. Msomaji wa mtandaoni hata ukiwa nao laki moja tangazo lake linaleta shilingi, la karatasi linaleta noti. Kwahiyo wakaimarisha kile kilichokua kinawalisha, huku kinakufa. Kukaa pembeni leo na kusema "wangehamia digitali mapema" ni rahisi sana, digitali ya mji wa watu elfu sitini wasio na hela ingelipwa na nani?

Na kuna hii, Machi 2019 kiwanda cha magari cha General Motors kule Lordstown, jirani tu na hapo, kilitoa gari lake la mwisho aina ya Chevrolet Cruze. Machi kiwanda, Juni gazeti. Waandishi waliokua wanaandika stori za wafanyakazi wa GM kupoteza kazi, ndani ya miezi minne wakawa wao ndio stori.

Ule mwaka na nusu wa kutafuta mnunuzi hakupatikana hata mmoja wa kuliendesha kama lilivyo. Tena kumbuka Marekani kuna makampuni kazi yao ni kununua magazeti yanayokufa, wanayakamua, wanauza jengo, wanapunguza waandishi mpaka wabaki watatu, wanaendelea kuchapa jina. Hata hao hawakulichukua. Ukiona fisi ameinusa nyama akaondoka, jua.

Alafu tangazo likishatoka kwamba linakufa, ndio mnunuzi akatokea. Mwezi Agosti, wiki mbili hivi kabla ya toleo la mwisho. Ni gazeti la Tribune Chronicle la mji wa Warren, kilomita kama 24 hivi kutoka Youngstown, mali ya Ogden Newspapers ya West Virginia, familia ya Nutting, ndio hao hao wenye timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates. Na walichonunua ni vitu vitatu. Jina la Vindicator. Orodha ya waliolipia kupelekewa gazeti. Na anwani ya tovuti, vindy.com. Basi. Jengo hapana, mtambo hapana (ule mpya), na wafanyakazi 144 hawakuwemo kwenye mzigo, walichukua wachache tu kuwaajiri upya.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo kwa upande wangu. Soko limekaa mezani likakagua gazeti la miaka 150 kipande kwa kipande, likasema hiki kina thamani na hiki hakina. Orodha ya majina na anwani za watu, ina thamani. Chapa, ina thamani. Domeni ya intaneti, ina thamani. Yule ripota wa kikao cha madiwani, miaka ishirini anajua nani shemeji wa nani, bei yake sifuri. Na soko halikukosea hesabu jamani, ndio inavyouma, kwa hesabu za biashara liko sahihi kabisa. Faida ya yule ripota haiingii kwenye daftari la gazeti, inaingia kwenye mfuko wa mlipa kodi ambaye hata gazeti hanunui. Kuna wachumi walipima hiki kitu Marekani, wakaangalia maeneo yaliyopoteza gazeti la hapo kwao, wakakuta serikali za maeneo hayo zikienda kukopa zinatozwa riba juu kidogo, kati ya asilimia 0.05 na 0.11 zaidi. Inaonekana kidogo lakini weka kwenye mkopo wa kujenga shule na maji wa mamilioni ya dola kwa miaka ishirini, mwananchi analipa hela nyingi kuliko ambayo angelipia gazeti. Ila anailipa bila kujua.

Sasa pengo walizibaje? Walijitahidi kweli. Oktoba 2019 ikazinduliwa tovuti ya habari inaitwa Mahoning Matters, ya kampuni ya McClatchy kwa hela za Google, na iliajiri baadhi ya waliotoka Vindicator. Mwenye kuona kichekesho ajichekee, kampuni iliyokula matangazo ndio inaleta uji kwa mgonjwa. Shirika la ProPublica nalo likalipia uandishi wa uchunguzi hapo mjini, gazeti la biashara la mjini likaendelea, na vituo vya televisheni vipo. Watu wazuri, kazi nzuri, nisiwavunje moyo. Lakini chumba cha habari cha watu wachache hakiwezi kukaa kwenye vikao vyote, kwahiyo wanachagua, na ukichagua unaenda kwenye stori kubwa, ajenda namba saba inabaki peke yake.

Wapo waliosema mbona familia hiyo hiyo ina kituo cha televisheni, WFMJ, na kiko hewani mpaka leo (hizo herufi zimetoka kwenye jina la William F. Maag Junior, mtoto wa yule aliyelinunua gazeti), kwanini TV isiendelee kulibeba gazeti? Mimi swali hilo naliona la haki ila lina ubinafsi kidogo. Miaka ishirini kuna mtu alikua anatoa hela mfukoni, hakuna aliyeuliza anatoa wapi wala hakuna harambee iliyoitishwa, siku amechoka ndio tunamuuliza kwanini amechoka. Kosa ninalowapa mimi ni lingine, walilibeba kimya kimya. Wangesema wazi mwaka wa tano wa hasara, au hata wa kumi, kwamba jamani hii sio biashara tena, tuigeuze taasisi, chuo kikuu kipo pale pale mjini, vyama vya wafanyakazi vipo, makanisa yapo, labda ingepatikana namna. Mwaka wa 22 mwili ulikua umeshapoa. Na kumtafuta mnunuzi kwa mwaka na nusu bila wasomaji kujua, ni kama kumficha mgonjwa ndugu zake wasije wakalia.

Nilivyokua mdogo gazeti kwetu lilikua la baba, likishasomwa linaenda kwa mama ntilie wa jirani kufungia maandazi, na wengi wetu tulijifunza kusoma magazeti kwa kusimama mbele ya meza ya muuzaji tukipitia vichwa vya habari bila kununua hata moja, siku hizi tunasomewa asubuhi kwenye redio na TV kabisa. Kwahiyo na sisi ni wale wale. Tofauti yetu na Youngstown ni kwamba wao magazeti ya mji mmoja mmoja walikua nayo, sisi wa Tabora, Kigoma, Lindi, tunasoma la Dar likituletea robo ukurasa wa mkoa wetu, tena kama kuna ajali au mganga wa kienyeji. Huwezi kulia msiba wa kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho, labda ndio maana kisa hiki kwetu kinaonekana cha mbali.

Jumamosi tarehe 31 Agosti 2019 toleo la mwisho likatoka. Jumapili tarehe 1 Septemba alfajiri, gazeti lilikuwepo barazani kwa watu, jina la Vindicator liko juu kama kawaida, limetengenezwa Warren. Aliyekua amelipia hakukosa hata siku moja.